Mbilimbi wa Bi Zainabu

Jumapili, Septemba 1986

Doa limetoka! Nimelitazama shati tena kwenye mwanga wa chemli, na kweli ni jeupe. Kesho nasoma insha yangu ya Kiingereza mbele ya wazazi wote, na leo asubuhi mgongo wa shati ulikuwa na kutu ya waya wa kuanikia. Sina shati jingine la shule.

Mama alisema dawa ni bilimbi, nikaombe kwa jirani, Bi Zainabu. Heri angenituma Mombasa kwa miguu. Nilisimama mlangoni kwake mpaka akaniona mwenyewe.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mwaka mzima tumepakana, kumbe una sauti! Haya, kachume."

Nikautikisa mti kama tunavyotikisa mizambarau kwetu bara. Yakanimwagikia maua mekundu. Bilimbi hata moja halikuanguka.

"We mwana wa bara! Utaniachia mti mtupu! Tazama shinani, mbele ya pua yako."

Kweli, yalikuwa yameshikana kwenye shina lenyewe, ya kijani, kama vitango vidogo. Niliona haya, lakini alivyocheka nikacheka na mimi. Akanionjesha moja kwa chumvi, uso ukanikunjamana wote kwa uchachu.

"Sugua hivyo hivyo na chumvi, kisha uanike juani."

Akanijazia bakuli, na mengine ya achari ya Mama. Sijui nilimwogopea nini.

Kesho bado naiogopa. Lakini Bi Zainabu amesema atakuja, ingawa Kiingereza hajui hata neno.

"Nitalitazama shati," kasema.

Basi mimi nitamtazama yeye, nisome.