Tone la Damu Mchana wa Ramadhani

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
6 Januari 2026

Mwanangu Husna,

Salaam nyingi. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila goti ni lile lile. Wewe na Maskati yako hamjambo? Naandika barua maana kwenye simu hunipi nafasi ya kusema.

Nataka kufunga mwaka huu. Daktari wa Upanga anasema anayejidunga insulini kama mimi asithubutu bila kupima nyumbani sukari na ketoni. Ketoni, anavyosema, ni sumu inayojaa kwenye damu insulini ikipungua. Nimeonyeshwa mashine mbili. Ndogo ni ya sukari tu, vijiti vyake viko kila duka la dawa. Nyingine inapima vyote, lakini vijiti vya ketoni mpaka Posta. Nichukue ipi?

Namkumbuka marehemu baba yako akivuta wapita njia barazani waje kufuturu, hata Isidori, Mchaga wa duka la vitenge. Siku hizi tumezungukwa na maghorofa, hakuna anayesimama. Nimebakiwa na saumu yangu tu.

Mama yako


Maskati
19 Januari 2026

Shikamoo mama,

Mimi sijambo, kazi tu. Chukua inayopima vyote, Posta si Ulaya. Hakikisha vijiti ni vya mashine hiyo na havijapitwa na muda. Upime mchana pia, na ikikwambia fungua, fungua.

Huku nikipika magimbi ya nazi hayawi kama yako. Niliondoka nikidhani kila kitu kitanisubiri.

Mwanao Husna


Ujumbe wa simu, 1 Machi 2026

Shikamoo mama. Namba ulizokuwa ukituma zilikuwa nzuri, sasa siku ya tatu kimya na simu hupokei. Nijibu hata neno moja. Husna


Kariakoo
6 Machi 2026

Marahaba mwanangu,

Nimetoka hospitali jana. Usilie.

Namba zile zote nilipima kabla ya daku. Mchana niliogopa, nilidhani tone la damu linabatilisha saumu, na kuuliza nikaona haya. Siku ya tisa nikatapika. Jirani yangu Kijakazi akampigia shehe, akaambiwa kupima hakufunguzi. Akanitoboa kidole: sukari ishirini na mbili, ketoni tatu na nusu, zote juu mno. Akanikokota hospitali huku akinigombeza.

Leo nimekunywa uji saa sita mchana, mlango nimeufunga kama mwizi. Nimelia, Husna. Kuacha kufunga nimekubali. Kula mchana peke yangu ndiko kunakonishinda.

Njoo, hata wiki moja.

Mama yako