Breki za Tela la Teague

Missoula, 9 Machi 1998

Baba yangu mpendwa,

Hujambo? Na goti je? Mimi nipo, nakula, nakwenda kazini. Ningepiga simu ila husikii, tungeishia kupigiana kelele.

Mama yake Teague ameniuliza tena jiwe la kaburi litawekwa lini. Nimemwambia theluji ikiyeyuka. Uongo mtupu. Sitaki kumwekea mume wangu jiwe, baba. Ile fomu waliyoikuta ndani ya lori baada ya ajali aliijaza kwa mkono wake, pale juu ya mlima: "Breki za tela nimezikagua, ziko sawa." Hakukagua kitu. Alijaza huku anakunywa kahawa, akateremka na magogo tani ishirini, akaniachia nyumba tupu. Jana nimezitupa jaani buti zake zile mpya, na sikulia.

Wewe umetengeneza breki miaka arobaini. Nieleze kama unavyomweleza mjinga: kichwa cha lori kilikuwa na breki, tela lilikuwa na nini?

Mwanao,
Marit

Kooskia, 21 Machi 1998

Binti yangu Marit,

Salamu nyingi. Goti linauma lakini linanibeba. Kula chakula cha maana, hiyo kahawa na biskuti usiniambie ni kula.

Ulichouliza ni hiki. Tela letu la farasi lina breki za umeme, waya ukikatika huna breki. La magogo lina za upepo, na hapo ndipo watu wanapokosea. Wanadhani upepo ukiisha tela linakimbia. Sivyo. Upepo ukiisha springi zinabana, tela linagoma palepale. Kinachoua ni kulegea. Kila gurudumu lina mkono unaosukuma breki. Ukilegea unasafiri mbali mno, na mteremko mrefu ukishapasha moto dramu, lile duara la chuma ndani ya gurudumu, inatanuka, breki haifiki. Unakanyaga, unakanyaga, unanusa moshi tu.

Ajali ni ajali, mwanangu. Mwekee jiwe.

Baba yako

Missoula, 2 Juni 1998

Baba,

Shikamoo. Kadi yangu ya Pasaka hukuijibu, natumaini si goti.

Mkaguzi wa serikali amenipa ripoti. Mikono ya tela lile ilikuwa ya kisasa, inayojikaza yenyewe. Anasema ya aina hiyo haikazwi kwa spana. Ikilegea ujue imeharibika ndani, ni ya kubadilishwa. Ukiikaza inashika siku mbili tatu, unaona mambo safi, halafu inaachia. Yote minne ilikuwa na alama mpya za spana.

Sasa niambie, Teague na spana wapi na wapi? Hata bawaba ya mlango alikuwa anamwita jirani. Siku tatu kabla ya ajali alikula kwako chakula cha Jumapili. Alikwambia amepita kwa fundi gani? Nataka jina lake tu.

Mwanao,
Marit

Missoula, 14 Agosti 1998

Baba, u mzima kweli? Barua yangu ya Juni uliipata? Andika hata mstari mmoja.

Mwanao

Kooskia, 30 Septemba 1998

Marit,

Mwili ni mzima. Barua hii nimeiandika mara sita na kuichoma.

Fundi ni mimi. Jumapili ile, wewe ukiwa zamu, Teague alisema breki za tela zinashika kivivu. Nikaingia chini na spana nikakaza mikono yote minne, kama nilivyokaza tangu hujazaliwa. Niliona ni ya aina mpya. Nikasema hii imetengenezwa kwa ajili ya wasiojua kazi. Teague alitaka kuingia na kipimo ahakikishe. Nikamtania, "Unamkagua mzee?" Nikamwambia hata kule juu ya mlima asijichafue, nimeshazishika mwenyewe. Akacheka, akasema, "Ukishashika wewe, mzee, mimi ni nani."

Hakuwa mzembe. Aliniamini. Nimekuacha miezi yote hii umchukie yeye kwa sababu niliogopa utanichukia mimi. Mkaguzi nimempelekea maneno haya haya, na sahihi yangu.

Mimi unisamehe au usinisamehe. Yeye usimwache bila jiwe.

Baba yako

Missoula, 8 Novemba 1998

Jiwe limewekwa Alhamisi. Mama yake Teague nilimwambia palepale kaburini. Alikaa chini kwenye nyasi.

Matela mawili ya jirani yako Virgil nayo unayakaza wewe. Nenda kwake leo, ulale chini ya tela umwonyeshe ulichokaza, hata akikucheka.

Sikukuu ya Shukrani mwezi huu usije. Krismasi sijui. Nikiona mwandiko wako kwenye bahasha naiweka juu ya friji siifungui, na wiki ikipita bila barua nachungulia sanduku la posta mara mbili kwa siku.

Nilikuwa namtukana kila asubuhi nikivaa viatu niende kazini. Mwaka mzima namtukana mtu aliyefanya alichoambiwa na baba yangu. Jana nilikwenda jaani kutafuta buti zake. Mlinzi alinionea huruma, akaleta koleo, tukafukua mpaka mchana. Hazipo, baba.

Marit