Kwa Baba Mwenye Spika Nzuri

Mwaka umekatika tangu utuache, Baba, na spika zako bado ziko sebuleni, kila moja na kimo cha mtu mzima. Tunakuandikia ili ujue kwamba hatujasahau kitu. Wengine nao wasome, maana wengi wao walipita kwetu kuzitazama.

Tunakumbuka mikono yako. Ulikuwa fundi wa miwani, na mji mzima ulijua kwamba mkono wako hautetemeki. Watu walikuletea fremu zilizokaliwa, zilizokanyagwa, zilizotafunwa na watoto, nawe ukaziinamia na bisibisi nyembamba mpaka zikarudia sura zake. Hukuwahi kukwaruza kioo cha mtu, na ulihakikisha kila mtu anajua hivyo. Bibi mmoja alikuja kwako akipapasa ukuta. Ulimtengenezea miwani yake papo hapo, ukaifuta kwa ncha ya shati lako, ukamsindikiza hadi ng'ambo ya barabara. Hilo ni kweli, na tunalisema bila kinyongo. Kwa wateja ulikuwa mtu wa watu.

Tunakumbuka spika zenyewe. Masanduku uliyajenga mwenyewe kwa mbao za msaji, ukayapiga msasa mpaka yakawa laini kama shavu la mtoto, ukapaka vanishi, ukasubiri ikauke, ukapaka tena. Koni zilikuwa za zamani, kubwa kama sinia, zimetoka kwenye ukumbi wa sinema uliofungwa. Rafiki yako, fundi redio, ndiye aliyekupatia. Karatasi yake nyeusi ilikuwa na mikunjo midogo pembezoni, na katikati kikofia cha mviringo kilichong'aa. Juu ya kila koni uliweka tarumbeta ya shaba. Kitambaa cha kufunika mbele ulikikataa katakata.

"Uso mzuri haufunikwi," ulisema.

Jua la jioni lilipoingia dirishani, mbao zile ziligeuka rangi ya asali. Zilikuwa nzuri mno, Baba. Hata Mama hakubisha, na yeye ndiye aliyezifuta vumbi kila Jumamosi kwa kitambaa laini kuliko nguo aliyovaa.

Muziki ulipigwa kwa nadra, tena kwa sauti ya kumliwaza mgonjwa. Mgeni akikuomba uongeze kidogo, ulimtazama kama aliyetema mate kwenye zulia. "Umekuja kusikia au umekuja kuona?" Basi wageni walikaa na vikombe vyao, wakaona, wakasifu, wakaenda zao.

Mbele ya spika ulichora mstari mwekundu sakafuni, na mtoto asiyetaka kuonja rula yako hakuuvuka. Hatukuuvuka. Hata mpira ulipobingirika upande ule tulikusubiri urudi kutoka kazini uutoe mwenyewe.

Kisha likaja lile jambo. Tuliamka tukakuta umesimama sebuleni na kikofia cha spika ya kushoto kimebonyea ndani. Ulitupanga mstari, sisi watatu. "Nani?" Sote tulitikisa vichwa. Ukamshika mkono kitindamimba wako, ambaye hata kichwa chake kilikuwa hakijafika juu ya meza, ukakichukua kidole chake ukakipima pale palipobonyea, taratibu, kama unavyopima kioo kwenye fremu.

"Kinaingia sawasawa," ulisema.

Kidole cha mtoto kinaingia popote, Baba. Kinaingia puani, kinaingia kwenye tundu la ufunguo. Lakini nani angebishana na mpimaji kama wewe? Ulimchapa rula kwenye vidole mpaka Mama akatoka nje asione. Tangu siku hiyo mdogo wetu akaitwa Kidole, nasi tukamwita hivyo, na majirani pia, na nyumba ikapata amri mpya. Kila alipoingia sebuleni ulisema maneno mawili tu: "Kalia mikono."

Akaikalia. Wageni walipokuja ulizitambulisha spika kwanza, kisha ukanyoosha mkono kwenye kigoda: "Na yule ndiye Kidole, aliyetutia kilema." Wageni walicheka, yeye naye akacheka kidogo, viganja viko chini ya mapaja. Alikua hivyo hivyo. Mchumba wake alipokuja kujitambulisha alimvuta kaka yetu pembeni akamwuliza kwa adabu, "Samahani, shemeji, dada ana vidole vyote?" Hicho kichekesho ulikipenda sana. Ulikisimulia mpaka kwenye harusi yao, ukiwa umeshika kipaza sauti.

Amekuwa muuguzi, binti yako huyo. Wodini wanamwita yeye pale mishipa ya mgonjwa inapokataa kuonekana, maana vidole vyake huipata mara moja. Hukuwahi kutuuliza habari hizo, kwa hiyo tunakupa sasa.

Ulipougua, yeye ndiye aliyechukua likizo akakuuguza. Alikuogesha, akakulisha, akakukata kucha, akakugeuza usipate vidonda. Uliomba kitanda chako kihamishiwe sebuleni uzione spika, naye akakisukuma mwenyewe. Jirani alipokuja kukujulia hali ulimwambia, "Ananihudumia vizuri, ila asisogee karibu na zile." Ulisema akiwa ameshika kijiko mbele ya mdomo wako. Akakupa kijiko kile.

Siku yako ya mwisho alikuwa peke yake na wewe; sisi wengine tulikuwa njiani tunakuja. Aliona vumbi kwenye ile ya kushoto, akainuka kulifuta ili uione safi. Ukafumbua macho.

"Kidole. Kalia mikono."

Akakaa. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, muuguzi aliyewashika mikono wagonjwa wasio na hesabu wasife wapweke, alirudi kitini akakalia mikono yake, na wewe ukakata roho ukitazama spika. Alitusimulia haya bila kulia. Alisema, "Nilitaka kumshika, lakini alikuwa ameshaniambia." Tukamfariji. Tukamwambia ugonjwa ndio uliosema, si wewe.

Sasa tukupe habari ya wiki iliyopita. Rafiki yako fundi redio alikuja kutupa pole. Alikuwa hajiwezi ulipozikwa, na bado anatembelea fimbo. Alizitazama spika akatikisa kichwa, kisha macho yake yakaangukia kikofia cha kushoto, akaangua kicheko.

"He! Hiki bado kipo? Shemeji, mzee alinijia asubuhi kabla sijafungua duka, anatetemeka kama kafumaniwa. Bisibisi ilimteleza usiku akikaza skrubu, tii, ikaingia. Nikamwambia nikubadilishie koni, akasema hazitafanana, bora kilema. Kaniapisha nisimwambie mtu. Fundi wa miwani mkono umteleze, wateja si watakimbia?"

Mama aliweka sinia chini. "Rudia, shemeji."

Akarudia, safari hii bila kicheko, maana alianza kuona nyuso zetu. "Lakini nyie si mlijua? Mambo ya zamani hayo."

"Na Kidole?" kaka akamwuliza. "Ulidhani kwa nini tunamwita Kidole?"

"Si kwa sababu alikuwa kadogo?" Mzee wa watu alimgeukia mdogo wetu. "Mwanangu, mimi nilidhani wanakudekeza."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa ndefu, Baba, tena ya lami. Ilikufikisha kaburini bila kukwama mahali. Wanasema pia mficha maradhi kifo humuumbua, na hapo hawakukosea.

Mama alisema, "Miaka yote nimekifuta kile kikofia nikimwomba Mungu anisamehee mtoto." Kisha akamwendea mdogo wetu, ambaye alikuwa amekaa kama kawaida yake, akaichomoa mikono yake mmoja mmoja, akaiweka juu ya magoti. "Nenda ukaziguse. Zibonyeze zote, ukitaka zitoboe. Nani atakuuliza?"

"Hapana, Mama," akasema mdogo wetu. "Zitaharibika."

Hapo ndipo tulipokuchukia, Baba. Tunalisema wazi ili usije ukasikia kwa watu.

Mimi na kaka tulizishika spika tukazigeuza zitazame ukuta, kama ulivyotugeuza sisi tulipokosa. Mdogo wetu alitukimbilia kutoka nyuma: "Polepole! Msizikwaruze!" Na akashika upande wa chini ili zisigonge. Ndiyo mara ya kwanza tangu utoto wake kuugusa ule msaji wako. Sasa kutoka kwenye makochi tunaona migongo ya spika tu: mbao mbichi, alama za penseli, gundi iliyochuruzika na kukauka. Huko hukupaka hata vanishi.

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye Jumamosi zake sasa anapumzika, kifungua mimba wako fundi cherehani aliyeandika haya, mwanao dereva wa lori, wakwe zako, na wajukuu, wanaocheza mpira sebuleni na kuuvuka mstari mwekundu wapendavyo. Anakukumbuka pia kitindamimba wako, muuguzi. Ameomba kitu kimoja tu, asiandikwe kwa jina lile, nasi tumemkubalia. Lakini jina lililotumika miaka mingi namna hiyo halitupwi jalalani. Tumelirudisha kwa mwenyewe, na fundi wa mawe ameshaambiwa alichonge chini ya tarehe zako.

Lala pema, Kidole. Kalia mikono. Kukusahau hatuwezi.