Mama Rehema na Vyungu vya Wachina

Jumatatu, 4 Agosti

Taulo za saluni hazijakauka. Ruiru haijaona jua tangu wiki iliyopita. Wateja wachache. Mmoja alikuja kusukwa, mwingine kupiga domo tu.

Baba alipiga simu kutoka Gatuanyaga nikiwa na rangi ya nywele mikononi. Anataka nimtafutie shati jeupe. Jumamosi anaenda Thika, kwenye makumbusho, kuna maonyesho ya vyungu vya kale vya Wachina. Alisema "tunaenda." Nikamuuliza yeye na nani. Akasema mbuzi wameingia kwenye mahindi, akakata simu.

Baba hajawahi kuingia makumbusho maishani mwake. Tangu Mami afariki hata harusini haendi. Kuna kitu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempigia kaka yangu Njoroge. Kumbe anajua, na hakuniambia. Mwanamke huyo anaitwa Mama Rehema. Mjane, Mwislamu, anauza mapazia sokoni Thika. Njoroge aliwakuta wakinywa chai kwenye kibanda, Baba anacheka.

Kicheko ndicho kimenikera. Miaka yote hii mimi sijaweza kumchekesha.

Mjane, na mzee mwenye shamba. Sihitaji kuelezwa zaidi. Njoroge anasema tuchunge hati ya shamba.

Nimemwambia Baba nitakuja nao. Akasema haya.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimechoka, lakini niandike kabla sijasahau.

Mama Rehema ni mfupi, mtandio wa kahawia, raba miguuni. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaniita mwanangu. Mimi si mwanawe. Nilijibu salama, basi.

Nilienda kumchunga yeye. Vyungu vikaniibia macho, sina budi kukiri. Nilidhani nitaona masufuria yenye kutu. Kuna kimoja cha miguu mitatu, kizito, kimetulia kama ndama aliyeshiba. Rangi yake kijani cha maji ya bwawa. Ubavuni kuna uso wa mnyama. Macho yamechomoza, pembe zimejikunja, taya la chini halipo. Ukiwa kando unaona mistari tu. Ukisimama mbele, kinakutazama. Nilihama upesi.

Kingine ni kikombe cha pombe, kirefu, mdomo umefunguka kama tarumbeta, kiuno chembamba. Nilitamani kukishika kama vile mtu anavyotamani kumshika mtoto wa mwenzake. Kuna kioo. Nikashika mkoba.

Dada aliyekuwa akitutembeza alisema vyote ni vya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Kijani kile ni uzee. Vilipokuwa vipya viling'aa karibu na dhahabu. Vilimiminwa kwenye kalibu za udongo, kisha kalibu zikavunjwa. Akatuonyesha ukingo mwembamba ubavuni, pale vipande vya kalibu vilipokutana. Baada ya hapo nikawa nautafuta kwenye kila chombo. Humo walikuwa wakiwaandalia wafu wao chakula na kinywaji.

Kisha tukafika kwenye chungu kidogo chenye maandishi ndani. Wameweka kioo cha kujitazamia juu yake ili uyaone. Dada akatufasiria: mtoto alimtengenezea mama yake chombo hiki, wana na wajukuu wakitunze milele.

Baba akavua kofia. Mama Rehema akamsogelea, akamnong'oneza. Nilipata maneno mawili tu: "Tukaandike Jumatatu." Baba akaitikia kwa kichwa.

Kuandika nini? Shamba, nini tena. Mtu anasikia habari za mama wa watu, papo hapo anazungumzia kuandikishana.

Hawakunieleza. Sikuuliza. Nikaagana nao kwa baridi.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Njoroge anataka twende kwa chifu. Anapayuka, hana mpango.

Namchukia yule mama. Na bado kile kikombe chembamba hakinitoki akilini. Hilo nalo linaniudhi.

Jumatatu, 11 Agosti

Simu ya Baba imezimwa mchana kutwa. Ndiyo siku yenyewe. Nimemchoma mteja sikio kwa pasi ya nywele.

Jumanne, 12 Agosti

Nilifunga saluni nikaenda Thika. Nilimkuta Mama Rehema anakata pazia. Nikamuuliza mbele ya wateja wake, kwa sauti, jana wameandika nini na baba yangu.

Hakukasirika. Aliweka mkasi chini.

"Jina la mama yako," akasema. "Tulienda kwa fundi wa mawe. Baba yako anaona haya, kaburi lina nyasi tu. Nilimwambia hata wale watu wa kale waliandika."

Nikamuuliza, na shamba?

"Shamba ni lenu. Lakini akinitaka, nitaolewa naye. Hilo sikufichi."

Sikumwamini. Niliomba kuelekezwa kwa huyo fundi, nikaenda mwenyewe kwa miguu. Jiwe lipo. Jina la Mami limechorwa kwa chaki, Nyambura, herufi za mwanzo zimeshachongwa. Chini yake: wana na wajukuu wamkumbuke.

Nililia pale kwenye vumbi la mawe. Fundi akajifanya anatafuta patasi.

Ijumaa, 15 Agosti

Njoroge anasema ni ujanja. Ati ananunua mioyo yetu kwanza, shamba baadaye. Inawezekana. Nimeliwaza hilo pia. Lakini mjanja angeanza kwa kumsahaulisha Baba jina la Mami.

Baba alipiga simu. Jiwe litawekwa mwisho wa mwezi. Aliniuliza, taratibu, kama yule mama anaweza kuja. Hajawahi kuniomba ruhusa ya chochote. Nikasema nitafikiria. Nikajisikia vibaya siku nzima.

Jumatano, 27 Agosti

Nimemwambia Baba aje naye. Kisha nikakumbuka kuwa mbuzi wa siku hiyo akichinjwa na Njoroge, yule mama hatakula. Atakaa hapo na sahani ya wali mkavu, sisi tukitafuna. Nimempigia mzee mmoja Mwislamu wa Thika aje achinje yeye. Njoroge amenuna. Anune.

Jumamosi, 30 Agosti

Jiwe limekaa vizuri. Upepo, vumbi, watu wachache. Mchungaji aliomba kwa ufupi. Baba alipangusa jiwe kwa leso yake, ingawa lilikuwa safi.

Mama Rehema alisimama nje ya ua wakati wa maombi, peke yake. Nilitoka nikamwambia chakula kiko tayari, na mbuzi amechinjwa na Mwislamu mwenzake. Alinitazama kidogo. Akasema asante.

Njoroge hakuzungumza naye. Lakini alimpa maji ya kunawa.

Bado namchunguza. Sijui nitaacha lini. Nilimwekea kiti kando ya Baba, akakaa, akala.