Ufa wa Kuchorwa

Beauce, Ufaransa, 2 Septemba 1788

Mwanangu Perrine,

Hujambo? Mimi mzima, ila magoti. Kaka yako Blaise atakuja Jumapili kukuona huko Kijiji cha Malkia, unakokamua ng'ombe wa ikulu. Anakuletea jibini, na mwiko wake wa uashi pia, unamjua hauachi. Nimemwambia arudi kabla ya baridi aje azibe ule ufa nyuma ya kitanda changu. Akanijibu, "Bibi kizee, kelele zako zenyewe zinatosha kuzuia upepo." Mlishe, amekonda.

Mama yako

Kijiji cha Malkia, 9 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Kama umesimama, keti kwanza.

Blaise alifika. Aliwaona ng'ombe wangu walivyooshwa na kufungwa utepe, akacheka: "Hawa wanakamuliwa au wanaolewa?" Nikaenda kumletea maziwa.

Nyumba za hapa ni mpya, Mama. Nyufa zimechorwa kwa brashi, kuta zifanane na za kwetu, Malkia apate kuigiza ukulima. Sikumwambia. Na macho yake, unajua chokaa ilivyoyaharibu. Niliporudi alikuwa ameshaukwangua ufa mmoja kwa ncha ya mwiko, anaujaza lipu ya udongo alioukoroga uani. "Nyumba nzuri hivi, mnaiacha ipasuke! Wakuone una ndugu wa maana."

Askari wawili wakaja. "Mshenzi! Umeharibu kazi ya mchoraji!"

Alidhani wanamtania. "Mchoraji gani, bwana? Huu ni ufa."

Walimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Jino lake liliangukia kwenye ndoo yangu. Akainua mkono kujikinga, mwiko ukiwamo. Mmoja akapiga kelele kwamba ana silaha, akamchoma kisu cha bunduki chini ya mbavu, mara mbili. Nilimkumbatia. Aliutazama ukuta, akasema, "Bado pale chini." Basi.

Jumatatu mchoraji akaja kuuchora ufa upya. Hakuifuta damu. Alisema imekauka rangi nzuri.

Mwiko ninao.

Binti yako, Perrine

Beauce, 30 Oktoba

Mwanangu,

Umeamkaje? Unakula? Nisamehe kuchelewa, mkono ulikataa kuandika.

Alipokuwa na miaka sita alimzibia kuku mlango kwa udongo, akalia alipoambiwa kuku yumo ndani. Nakumbuka hayo tu, mengine yananikimbia.

Jirani alikuja na ndoo ya chokaa aniwekee sawa ukuta. Nilimfukuza kwa ukuni unaowaka. Baridi imeshaingia. Nalala nimeuelekea ufa.

Acha ng'ombe wao, rudi nyumbani. Lete mwiko. Usiuoshe.

Mama yenu