Bibi Harusi Hataki Kula

Palma, Ramadhani

Kwa dada yangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mgongo umetulia, maana uliniambia unakusumbua hata kwenye rukuu. Shemeji je, kifua chake? Na mwanangu Rukia, meno ya mbele yameshaota? Mimi mzima, Alhamdulillahi. Kuna kibaridi siku hizi, kiu haituonei sana. Barua nampa mama mmoja wa Mtwara anayevuka mpaka pale Namoto na vitenge, kwa sababu ninayotaka kukwambia ni marefu, na simu ya nchi mbili hukatika pale pale penye maneno.

Kazi ipo. Tangu gesi ionekane huko baharini, hii nyumba ya wageni ninayopikia haikai tupu. Kitanda akitoka mtu wa Maputo asubuhi, jioni analala mzungu aliyebabuka na jua. Samaki wa maana wote wanaishia kwenye sahani zao, sisi wapishi tunakula dagaa na kushukuru.

Sasa nikwambie habari za kobe, maana najua Rukia amekusimulia nusu. Unakumbuka alivyokuwa kwenye simu. Ananipa shikamoo moja, kisha nasikia anakuita, "Mama, chukua simu yako, ni yule mama wa simu." Wewe unacheka ili nisiumie, lakini dada, nilikuwa naumia. Nilimwacha kwako hajaanza hata chuo cha Kurani. Simlaumu.

Basi jioni moja Amade, dereva wa katapila aliyepanga hapa, akarudi kutoka kazini ameshika kofia yake ngumu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto.

"Mama mpishi, pokea mgeni."

"Mgeni gani asiye na begi?"

Nachungulia ndani, kobe mdogo, hazidi kitumbua. Akaniambia walikuwa wanasafisha njia, na pale alipomwokota hapana tena kichaka cha kumrudisha. Nikampokea. Usiku ule nilipopiga simu nikamtaja kwa Rukia ili tu nisinyamaze.

"Ana macho?" akauliza.

"Anayo, lakini akiniona anayaficha."

"Basi mwite Bibi Harusi. Anatembea polepole na hataki kuonyesha uso."

Tangu hapo, dada, tukawa na mazungumzo. Amekula nini, amelala wapi, amekojoa? Ndiyo maana nakwambia, yule kobe kwangu hakuwa mchezo. Akifa, nilikuwa sijui mimi na mwanangu tutazungumza nini.

Mwanzo alistawi. Nilimwekea dema bovu la kuvulia samaki, nikalifunika chini uani, kunguru wasimpate, na mchana namtupia majani ya jikoni. Ilipoingia Ramadhani mambo yakageuka. Wageni wasiofunga wanapikiwa na mwenzangu, mimi nikashika futari na daku. Baada ya Alfajiri nalala mpaka karibu na Adhuhuri. Nikaona nani atamwangalia na kunguru wale? Nikamweka kwenye beseni chumbani, dirisha nimefunga. Chakula nikampa tulipokula sisi: magharibi kipande cha tende na tambi, daku majani. Nilijiona namkirimu.

Akaacha kula. Kichwa ndani, miguu ndani. Nikimbonyeza, gamba linabonyea kama ganda la yai lililolowa. Nikamsomea Fatiha, nikamwombea hata kwenye witri. Sijui kama yafaa kumwombea kobe, niulizie kwa shemeji, yeye ndiye mwalimu.

Jirani yangu Mama Tereza, Mmakonde wa Mueda, Mkristo, anayetuletea mboga, ndiye aliyechungulia lile beseni.

"Mama Rukia, huyu unamlisha saa ngapi?"

"Wakati wa futari na daku."

Dada, alicheka mpaka akatua kikapu chake. "Umemsilimisha na kumfungisha juu yake! Kobe bila jua hafungui mdomo. Usiku kwake ni kama kufa. Na tambi! Nani alikwambia porini kuna tambi?"

Nikacheka na mimi, kisha nikaona vibaya. Kiumbe asiyefaradhishiwa chochote, mimi nimemfungisha. Tukamlowesha kwenye maji ya vuguvugu kidogo, tukamrudisha uani chini ya dema, jua likimpiga. Mama Tereza akamwachia tembele changa. Hakuligusa.

Siku ile ile nikakupigia, ukampa Rukia simu. "Anafanya nini sasa?" Nilitaka kusema anakula. Neno lilishafika mdomoni, nami nimefunga. Nikasema, "Anaumwa, mwanangu. Nilimfungia gizani, nikamlisha usiku. Nimemuumiza mimi." Akakurudishia simu. Nikajua basi, nimempoteza tena.

Kesho yake, baada ya Alasiri, simu yako ikanibipu. Nikapiga. Ni yeye.

"Amekula?"

"Bado."

Akakata. Na keshokutwa yake hivyo hivyo. Basi kama ulikuwa unajiuliza nani anachezea simu yako, ni mwanao huyo, na nakuomba usimgombeze.

Juzi Jumatano naanua nguo, nasikia mchakacho mdogo. Bibi Harusi ametoa shingo nje yote na tembele limemjaa mdomoni, kijani mpaka puani. Gamba bado laini, Mama Tereza anasema litachukua muda, lakini macho yamefunguka. Sikungoja kubipiwa.

"Rukia, amekula!"

Alipiga ukelele ule, nadhani mlisikia nyumba nzima. Kisha akatulia, akauliza, "Na wewe je, umekula?"

"Nimefunga, mama."

"Basi ukishafuturu nibipu, nijue."

Dada, nilikaa chini pale pale juu ya nguo safi. Kwa hiyo magharibi, hata kama una wageni, mwachie simu karibu.

Nisalimie shemeji na wanafunzi wake wote, shangazi msuka mikeka, na mjomba wetu mchoma chokaa, mwambie dawa ya macho nimeipata, anayo huyu aliyeleta barua. Mungu atupokelee funga zetu.

Mdogo wako,
Somoe