Nimekonda kwa Hiari Yangu

Ikoma, Agosti 1957

Kwa mama yangu Rhobi,

Shikamoo mama. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua umeipokea umenuna. Habari za Susuni, na ule mguu unaokusumbua baridi ikiingia? Ng'ombe wanapata majani? Huku tu wazima, Kezia mke wangu na watoto wanakusalimu. Felista mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, usiruke neno hata akikufokea.

Mama, binamu Mseti alipita hapa, akarudi kukwambia kwamba nimekwisha, suruali naifunga kwa kamba, na kwamba huyu mke wa Kiikoma ananinyima chakula au ananiwekea kitu. Ukatuma neno kwamba ukishavuna ulezi utakuja kunichukua, na Kezia arudi kwao. Jamani mama! Kezia alilia usiku kucha. Nisikilize kwanza, kisha ukitaka kuja, njoo.

Unajua kazi yangu ni kutunza stoo ya chakula cha wafanyakazi kambini. Nakaa, naonja, naongezewa. Nilinenepa, nawe ulishangilia ukisema sasa nafanana na marehemu baba. Lakini nilikuwa nikipanda kilima kidogo tu nahema kama ng'ombe wa plau, na miguu inavimba. Mganga wa hospitali ya misheni akanipima, akasema bila kuficha kwamba moyo wangu umechoka kubeba unene huo, na nisipopunguza kula nitawaachia watoto kilio.

Akanieleza kwamba chakula kina moto ndani yake kama kuni, na moto huo unapimwa, unaitwa kalori. Mimi nilikuwa nakula zaidi ya elfu tatu kwa siku huku nimekalia kiti. Nikamwuliza nile ngapi. Akasema elfu mbili hivi zitanitosha, nipungue polepole. Kwa ubishi wangu nikaona elfu moja itamaliza kazi upesi. Lo! Haukupita muda nikaanguka stoo, gunia la unga likanilalia. Mseti alinikuta siku chache baada ya kuanguka huko. Mganga alinigombeza kweli, akasema ukizitoa kuni zote jikoni chungu hakichemki. Nikarudi kwenye elfu mbili zake.

Sasa elfu mbili utazijuaje, mama, wakati wanaume tunanawa na kula sinia moja? Kila mtu anamega, nani atahesabu matonge? Ni Kezia aliyenitengea bakuli langu: ugali kiasi, mboga nyingi, maziwa kikombe. Wenzangu wakanuna, wakasema, mura, kijana wetu, anayekula peke yake anawaogopa wenzake. Mseti naye alipoliona bakuli hilo akajitungia yake. Kumbe Kezia alikuwa ananiokoa! Siku hizi kilima kile napanda huku napiga mluzi, na juzi mganga amenisikiliza moyo akacheka. Nimefurahi mama, nimefurahi sana.

Lipo jambo moja bado sijakwambia. Mganga aliniuliza baba alikufaje. Nikamweleza: alikuwa mnene, akihema, miguu ikivimba, akilala ameketi, mpaka siku kifua kilipombana akila ugali nyumbani kwa mke mdogo. Akasema yeye hakumwona marehemu, ila hayo ni maradhi ya moyo, na yalikuwa ndani ya baba muda mrefu kabla ya ugali ule. Haikuwa sumu kama ulivyodhani, mama. Ni ugonjwa huu huu wangu.

Tangu tumzike baba hujaonja chakula cha mama mdogo Bernadetha, nasi ulitukataza. Watoto wake wamekua wakituona tukizunguka mbali ili tusipite mlangoni kwao. Naye hakujitetea, maana nani angemsikiliza? Nilipomwona Kezia akilia kwa ajili ya bakuli langu, nilimkumbuka yeye.

Felista, acha kusoma hapo. Nenda kamwite mama mdogo, mwambie aje na ugali wake. Mama, nawe unawe mikono. Mkishakula ndipo mmalizie barua, na hamtakosa kitu, maana zimebaki salamu tu: kwa ndugu yetu Mniko, kwa watoto wa nyumba zote mbili, na kwa Mseti, mwambieni suruali nimeshaipeleka kwa fundi.

Ni mimi mwanao, niliyepungua na mzima,
Simioni Nyangwine